Sura ya Tano: Jina Lililowekwa Rehani

Jumatano ya Januari 29, 2020, Metro Bank iliwateua wahasibu wa BDO waishike kampuni ya Norton Motorcycles na kukusanya chochote kinachoweza kulipa madeni yake. Makao ya Norton yalikuwa Donington Hall, jumba la kale la kifahari huko Leicestershire, Uingereza, jirani na uwanja wa mbio wa Donington Park. Wafanyakazi walikuwa wapatao 100. Mapema mwezi huohuo mamlaka ya kodi ilikuwa imekwenda mahakamani kuomba kampuni ifungwe kwa deni la kodi la karibu pauni 300,000. Mahakama iliipa Norton muda hadi Februari itafute fedha. Benki haikuisubiri Februari.

Litazame deni hilo vizuri. Norton ilikuwa ikiiuza pikipiki yake kubwa, V4 SS, kwa pauni 44,000. Pikipiki saba tu zingelipa kodi yote na chenji ikabaki. Wanunuzi walikuwapo, tena baadhi yao walikuwa wameshatanguliza fedha. Serikali ilikuwa imeahidi msaada, na waziri wa fedha mwenyewe alishafika kiwandani kuutangaza. Ilikuwaje basi kampuni ya namna hiyo ikwame kwenye deni la pikipiki saba?

Anayejibu "uongozi mbovu" hajakosea, ila hajatueleza lolote. Biashara yenye uongozi mbovu kwa kawaida hufa changa, kwa sababu haipati wa kuikopesha. Norton hii ilidumu zaidi ya miaka kumi. Iliendelea kupumua kwa sababu ilikuwa na mali moja ambayo watu waliipokea kama dhamana bila kuomba kuiona hati yake: jina. Kila aliyetoa fedha aliamini anaikopesha Norton ile aliyoisikia kwa baba yake. Ili tuelewe anguko lake, tuanze na jinsi jina hilo lilivyopata uzito.

Miaka mia moja ya sifa na hasara

James Lansdowne Norton alifungua biashara yake Birmingham mwaka 1898, akiuza vipuri vya baiskeli. Pikipiki yake ya kwanza ilitoka 1902, ikiendeshwa na injini iliyotengenezwa na wengine. Mwaka 1907, katika mashindano ya kwanza kabisa ya TT kwenye kisiwa cha Man, Rem Fowler alishinda daraja la injini za silinda mbili akiwa juu ya Norton yenye injini ya Peugeot. Ushindi huo ulilitangaza jina kuliko tangazo lolote la gazeti. Hata hivyo, kufikia 1913 biashara ilikuwa imefilisika, ikaokolewa na wanunuzi wengine. Mwanzilishi mwenyewe alifariki 1925, akiwa ameshuhudia jina lake likishinda mbio na kushindwa hesabu.

Hali hiyo ilijirudia karne nzima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kilitengeneza karibu pikipiki 100,000 za jeshi. Mwaka 1950 ndugu wawili kutoka Belfast, Rex na Cromie McCandless, waliipa Norton fremu mpya iliyotulia barabarani kiasi kwamba dereva mmoja aliifananisha na godoro la manyoya, na watengenezaji wengine wakabaki wakiifukuzia kwa miaka. Lakini mwaka 1953 kampuni ikaangukia mikononi mwa AMC, mtengenezaji mwingine wa pikipiki wa Uingereza, na AMC nayo ikaanguka 1966.

Kisha ikaja Commando, ambayo hadi leo ndiyo inayowafanya wazee wa Uingereza wageuke wanapoisikia ikipita. Tuisogelee kidogo. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili zilizosimama sambamba, pistoni zote mbili zikipanda na kushuka pamoja. Mpangilio huo ulikuwa wa zamani, na kila injini ilipoongezwa ukubwa, mtetemo nao uliongezeka: nati zililegea, taa zilikatika, mikono ya dereva ilikufa ganzi. Kutengeneza injini mpya kungegharimu fedha ambazo kampuni haikuwa nazo. Mainjinia wakapata njia ya mkato, nayo ilikuwa ya akili kweli: waliifunga injini, gia na mkono wa gurudumu la nyuma kuwa kitu kimoja, kisha wakakining'iniza kwenye fremu kwa mipira. Mtetemo ukaishia kwenye mipira. Sharti lilikuwa moja, kwamba fundi apime nafasi za mipira hiyo kwa vipande vyembamba vya chuma. Akibana mno, pikipiki inatetemeka kama zamani. Akilegeza mno, inayumba kwenye kona. Wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News waliichagua Commando kuwa pikipiki ya mwaka mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972.

Mwaka 1969 Honda ilileta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, kitufe cha kuwashia badala ya kupiga kiki, na injini isiyovuja oili. Norton ilikuwa imeficha tatizo lake kwa mipira. Honda ilikuja na injini isiyokuwa na tatizo hilo. Serikali ya Uingereza ilijaribu kuunganisha mabaki ya tasnia yake chini ya jina la Norton Villiers Triumph, ikatia fedha, kisha ikaacha kutia mwaka 1975. Commando za mwisho zilitoka miaka michache baada ya hapo. Jina lilifufuliwa tena na pikipiki za injini ya rota, ambazo zilitumiwa na polisi, na mwaka 1992 Steve Hislop alishinda mbio kuu ya TT akiwa juu ya mojawapo. Likazama. Mmarekani Kenny Dreer wa Oregon akalichukua, akatengeneza mifano ya Commando mpya ya 961, akaishiwa fedha 2006.

Hesabu hii ina funzo moja. Kila Norton ilipoanguka, mashine, majengo na ajira vilipotea, lakini jina lilitoka salama, na mara nyingine likiwa na thamani zaidi, kwa kuwa wanaolikumbuka walikuwa wamezeeka na kupata fedha. Aliyelinunua 2008 alilijua hilo.

Mifuko mitatu

Stuart Garner alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kuuza fataki. Alilirudisha jina Uingereza, akaanza kutengeneza Commando 961 jirani na Donington Park, kisha 2013 akahamia Donington Hall, jumba ambalo lilikuwa makao ya shirika la ndege la British Midland. Mtu anayetaka kununua pikipiki ya gharama akifika mahali kama hapo, akapita chini ya dari za kale na kuona tangi za rangi ya fedha zinazometa, haulizi maswali mengi.

Lakini kutengeneza pikipiki ni kazi inayokula fedha kabla ya kuzaa. Kalibu za vyuma, majaribio ya breki, vyeti vya moshi, mishahara ya mainjinia: vyote hulipwa miaka miwili au mitatu kabla ya mteja wa kwanza kupewa ufunguo. Kiwanda kikubwa hugawanya gharama hizo kwa pikipiki laki kadhaa. Kiwanda kidogo huzigawa kwa mamia. Fedha za kuvuka kipindi hicho zilipaswa kutoka mahali, na Norton ilizichota kwenye mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ulikuwa wa wastaafu. Mnamo 2012 na 2013, zaidi ya watu 220 walishawishiwa kuhamisha akiba zao za pensheni kuziingiza katika mifuko mitatu mipya. Majina ya mifuko hiyo yalikuwa Commando 2012, Dominator 2012 na Donington MC. Yasome tena: Commando na Dominator ni pikipiki za Norton, Donington ndipo ilipokuwa kampuni. Jina la zamani lilikuwa limeshaanza kazi hata kwenye karatasi za pensheni. Mdhamini wa mifuko yote mitatu, yaani mtu aliyepewa na sheria jukumu la kulinda akiba za wengine, alikuwa Garner mwenyewe.

Mdhamini hutafuta mahali salama pa kuwekeza. Garner mdhamini alipatafuta, akapapata kwa Garner mmiliki: zaidi ya pauni milioni 10 za akiba hizo zilinunua hisa za upendeleo za kampuni mama ya Norton. Kwa jina, hisa za upendeleo zinaahidi faida maalumu kabla ya wenye hisa wa kawaida. Kwa vitendo hapa zilikuwa mkopo usio na mkopeshaji wa kuufuatilia. Mkopeshaji wa kweli huomba vitabu vya hesabu, huuliza dhamana iko wapi, hupiga simu rejesho likichelewa. Huyu hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu angekuwa anajipigia simu mwenyewe.

Sheria ya Uingereza ilikuwa imeliona shimo hili mapema. Mwaka 1991 tajiri wa magazeti Robert Maxwell alikufa baharini, ikagundulika kuwa mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kwenye pensheni za wafanyakazi wake kuokoa kampuni zake. Sheria ya Pensheni ya 1995 ilitungwa baada ya kashfa hiyo, na moja ya kanuni zake ni kwamba mfuko usiweke zaidi ya asilimia 5 ya mali yake kwa mwajiri aliyeuanzisha. Sababu ni rahisi: kampuni ikifa, mfanyakazi asipoteze mshahara na pensheni siku moja. Mifuko ya Norton iliweka karibu kila kitu.

Wahusika waliambiwa fedha zingefungwa kwa miaka mitano. Miaka mitano ilipotimia, walioanza kudai chao walipewa ahadi, kisha kimya. Mwaka 2019 mamlaka ya pensheni ilimwondolea Garner madaraka ya udhamini na kuyapa kwa mdhamini huru, kampuni ya Dalriada, ambayo ilikuta mifuko iliyojaa hisa zisizouzika.

Mfuko wa pili ulikuwa wa wateja. Novemba 2016, katika maonyesho ya pikipiki ya Birmingham, Norton ilizindua V4: injini ya silinda nne yenye ukubwa wa 1200cc, matoleo 200 ya SS kwa pauni 44,000 kila moja, na toleo la RR kwa pauni 28,000. Mwaka 2018 zikafuata Atlas, pikipiki za 650cc kwa bei ya watu wa kawaida, kuanzia pauni 9,995. Mtu aliyetaka kuwahi nafasi alitanguliza malipo. Fedha za namna hiyo zinapoingia kwenye akaunti ya kawaida ya kampuni, hakuna kinachozizuia kulipa mshahara wa mwezi huu au spea za pikipiki aliyoiagiza mtu mwingine mwaka jana. Tangu hapo kiwanda kinadaiwa pikipiki ambayo fedha zake zimeshaliwa. Dawa yake pekee ni kupata mteja mwingine wa kutanguliza malipo, na njia ya kumpata ni kuzindua pikipiki nyingine.

Ndiyo maana Norton ilikuwa na uzinduzi mwingi kuliko utoaji. Mtazamaji wa nje aliona kampuni inayokua: pikipiki mpya kwenye maonyesho, timu kwenye mbio za TT, John McGuinness bingwa wa mara nyingi akivaa nembo yake, leseni ya injini ya 650cc ikiuzwa kwa Zongshen wa China mwaka 2017. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Norton ilikuwa ikitembea sana.

Mfuko wa tatu ulikuwa wa umma. Mwaka 2015 George Osborne, akiwa waziri wa fedha, alifika Donington Hall kutangaza msaada wa pauni milioni 4 kwa Norton na wauzaji wake wa vipuri. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imepata mkopo wa benki uliodhaminiwa na serikali. Kwa mwanasiasa, jina hili lilikuwa na mvuto wake: kiwanda cha Kiingereza kilichouawa na Wajapani kimefufuka, na sisi tuko hapa kukipongeza. Lakini ziara ya waziri ilifanya jambo jingine ambalo halikuandikwa popote. Mteja aliyekuwa akisitasita aliona picha ile akasema, kama serikali imeingia, mimi nani? Mstaafu aliyekuwa na wasiwasi akatulia. Kila mfuko ulitumika kuufungua mwingine, na kila aliyetoa aliamini kwamba aliyemtangulia alikwisha kagua.

Sasa turudi kwenye hesabu. Pikipiki 200 za V4 SS, zikiuzwa zote kwa bei kamili, zingeleta pauni milioni 8.8. Hapo hujatoa gharama ya chuma, kazi, kodi wala jumba. Deni la wastaafu peke yake lilikuwa kubwa kuliko mauzo yote ya pikipiki iliyobeba matumaini ya kampuni. Hata kama kila kitu kingekwenda sawa, hesabu hiyo isingetimia. Mali bila daftari hupotea bila habari; hapa daftari lilikuwapo, ila aliyeruhusiwa kulisoma lote alikuwa mmoja.

Na si kila kitu kilikwenda sawa. V4 chache zilizowafikia wenyewe zilikuja kukaguliwa chini ya mmiliki mpya, ikatangazwa kuwa zina kasoro 35, nyingi zikigusa usalama wa dereva. Wenye nazo walishauriwa wasiziendeshe. Pikipiki ya pauni 44,000 ikageuka pambo la sebuleni.

Nani alilipwa

Kampuni ikifilisika, wanaodai hawasimami mstari mmoja. Wa kwanza ni mwenye dhamana iliyosajiliwa, kwa kawaida benki: mitambo, stoo na hata nembo vimeshaandikwa kwake. Mwishoni kabisa wako wasio na dhamana: muuza spea aliyepeleka mzigo kwa mkopo, mteja aliyetanguliza malipo. Mwenye hisa yuko nyuma hata ya hao, na akiba za wastaafu zilikuwa zimegeuzwa hisa. Watu waliodhani wana pensheni waligundua kwamba kisheria walikuwa wamiliki wa sehemu ya kampuni iliyokufa.

Aprili 17, 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, TVS Motor ya India ilitangaza kuinunua Norton kwa pauni milioni 16 taslimu. Neno "kuinunua" linahitaji uangalifu. TVS ilinunua mali: nembo, michoro, mitambo, haki za majina kama Commando na Dominator. Haikununua kampuni ya Garner pamoja na madeni yake. Hiyo ndiyo kazi ya utaratibu huu wa sheria, na una faida zake, maana bila hivyo hakuna ambaye angegusa mabaki, na kazi zote zingepotea. Lakini tazama matokeo: jina likahama likiwa safi, madeni yakabaki kwenye ganda tupu, na fedha za mauzo zikaanza kutiririka kutoka juu ya mstari kwenda chini, zikikauka kabla ya kufika mwisho.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua TVS kuliko anavyoijua Norton. Herufi hizo tatu ziko kwenye tangi la bodaboda inayomsubiri kituoni na kwenye bajaji za miji yetu. Kampuni hiyo imekua kwa pikipiki za kazi: injini ndogo, mafuta kidogo, spea zinazopatikana kila mji, bei ambayo kijana anaweza kuirejesha kwa makusanyo ya kila siku. Dereva wa bodaboda hatangulizi fedha kwa ajili ya sifa za mwaka 1907. Analipa, anapanda, na pikipiki ikisumbua wiki ya pili, kijiwe kizima kitajua kabla ya jioni. Biashara ya namna hiyo haina nafasi ya kuishi kwa jina, na labda ndiyo sababu ilibaki na fedha taslimu za kulinunua jina wakati wenyewe walikuwa wamefilisika. Haiko peke yake kati ya kampuni za India zilizochukua majina ya kale ya pikipiki za Kiingereza: Royal Enfield iko chini ya Eicher tangu miaka ya 1990, na BSA ilichukuliwa na kundi la Mahindra mwaka 2016. TVS ilijenga kiwanda kipya cha Norton huko Solihull, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kurudi kwenye michoro iliyorithi na kutafuta yaliyokosewa.

Hukumu na bili

Juni 2020 msuluhishi wa migogoro ya pensheni wa Uingereza aliamua kwamba Garner alikiuka wajibu wake na hakuwa mwaminifu, akamwamuru arejeshe takriban pauni milioni 14. Amri hiyo ilikuja wakati kampuni imeshauzwa na fedha zimeshatumika. Februari 2022 Garner alikiri makosa matatu ya kuwekeza pensheni kwa mwajiri kinyume cha sheria. Mwishoni mwa Machi, mahakama ya Derby ilimhukumu kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa kwa miaka miwili, ikampiga marufuku ya ukurugenzi kwa miaka mitatu, na kumtoza gharama za kesi zipatazo pauni 20,700. Ni chini ya nusu ya bei ya V4 SS moja.

Wastaafu hawakuachwa mikono mitupu kabisa. Uingereza ina mfuko wa fidia kwa pensheni zilizoibwa au kupotezwa kwa udanganyifu, na baada ya mvutano wa kisheria mfuko huo uliwafikia wahanga wa Norton. Fedha zake hutokana na ada inayotozwa mifuko mingine ya pensheni. Kwa maneno mengine, sehemu ya gharama ya kulifufua jina hili inalipwa na wafanyakazi wa viwandani, hospitalini na maofisini ambao hawajawahi kupanda pikipiki.

Haya yote yalitokea katika nchi yenye mamlaka ya pensheni, mamlaka ya benki, sheria iliyotungwa baada ya Maxwell na magazeti yasiyoogopa. Kanuni ya asilimia 5 ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa pili mezani mwenye uwezo wa kusema hapana. Kwa hiyo siku ukiletewa jina kubwa, iwe la pikipiki, la shamba la miti au la ujenzi wa nyumba, historia yake isikushughulishe sana. Uliza fedha yako itakaa kwa nani tangu leo hadi utakapopewa ulichonunua, na kama kuna mtu mwenye nguvu ya kumkatalia huyo anayeitunza. Kwa Norton, maswali hayo mawili yalikuwa na jibu moja, na lilikuwa jina la mtu yuleyule aliyekuwa akiomba fedha.